Mnaniuliza mnunue laptopu gani, kisha mnanunua ile niliyowakataza

MTAALAMU WA BURE

Wadau, hasira ndiyo inaandika hapa, mnivumilie.

Kila ukoo Nairobi una mtu mmoja anayejulikana kama "yule wa kompyuta". Kwetu ni mimi. Hakuna kura iliyopigwa. Miaka ile nilimwekea mjomba programu ya kufungua PDF, nikawa mhandisi wa ukoo mzima. Yeyote akishika pesa ya laptopu ananipigia, na simu yenyewe huwa ya unyenyekevu kweli kweli: "Mpwa wangu, mimi mambo haya siyajui, wewe ndiye macho yangu." Basi nakaa chini. Nauliza mashine ni ya kazi gani, bajeti ni ngapi, itakaa mezani au itapanda matatu kila asubuhi. Nalinganisha bei, natuma picha, nataja maduka, naeleza cha kukagua kabla PIN ya M-Pesa haijabonyezwa. Nashukuriwa. Naombewa.

Halafu kimya. Kikivunjika, ni picha imeingia kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp: mtu anatabasamu na boksi, na ndani ya boksi mna kitu nilichomkataza kwa jina.

Ya juzi ni ya shangazi yangu wa Donholm. Kijana wake ameingia chuo, na yeye mwenyewe anaandika hesabu za duka na za chama. Bajeti 35,000. Nikamwambia, shangazi, kwa pesa hiyo usiangalie mpya. Tafuta mitumba ya Uingereza, zile zinaitwa Ex-UK: ThinkPad T480 au HP EliteBook 840 G5, prosesa (ubongo wa mashine) i5 ya kizazi cha 8, RAM (kumbukumbu ya kazi) 8GB, SSD (diski ya kasi) 256GB. Hizo zilikuwa mashine za ofisi, na zilipotoka kiwandani bei yake ilikuwa mara kadhaa ya hiyo. RAM unaweza kuongeza baadaye, diski unaweza kubadilisha, na kibodi ikifa vipuri vimejaa mjini.

Akaenda akanunua laptopu mpya, plastiki bado iko juu. 33,000. Celeron N4020, RAM 4GB, hifadhi ya eMMC 64GB. Nikamuuliza kwa upole, shangazi, ile niliyokuandikia je? "Hiyo yako imeshatumiwa na watu. Hii ni mpya. Na walinipa begi."

Kwa wasiojua: N4020 ni prosesa ya viini viwili tu, yaani ni kama wafanyakazi wawili ndani yake. Hiyo i5 niliyosema ina vinne. eMMC nayo imechomelewa kwenye ubao, huwezi kuitoa uweke kubwa. Kwa mashine hizo ndogo hata RAM mara nyingi imechomelewa, kwa hivyo ulivyoinunua ndivyo utakavyozikwa nayo. Na 64GB ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft wanakubali kwa Windows 11. Ukishaweka Windows, Office na picha za harusi ya binamu, sasisho linalofuata linasema hakuna nafasi.

Jumapili iliyopita chapati iko mkononi, simu inalia. "Mpwa, hii mashine yako inakwama."

YAKO!

Pesa ni zake, sina neno nazo. Mtu ana haki ya kununua anachotaka na mimi si mume wake. Kinachonichoma ni hiki: neno langu halikutosha wakati wa kununua, lakini Jumapili yangu inatosha wakati wa kurekebisha. Nyinyi mnaishije na watu hawa?

MSEE WA 44

Kaka, umenigusa kidonda. Kwetu ni kaka yangu mkubwa, na huyo humwambii kitu kwa sababu alitangulia kuzaliwa.

Alitaka "i7". Si laptopu, i7. Nikamwambia uliza ni kizazi cha ngapi. Akarudi kutoka Tom Mboya na mashine nyembamba ya fedha, stika ya i7 inang'aa, 21,000. Ati muuzaji amesema i7 ni i7. Nikafungua Task Manager: i7-3667U. Ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, kwa hivyo hiyo ni kizazi cha 3, mambo ya 2012. Viini viwili. Binti wa jirani ana i5-8250U ya viini vinne ambayo inamwacha kaka yangu akiangalia kiduara kinazunguka. Ukiona nambari kama 1135G7, hapo soma tarakimu mbili, ni kizazi cha 11.

Kibaya zaidi, Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 kwa hizi za Intel, na Windows 10 Microsoft walikoma kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hivyo alinunua mashine ambayo mlango umeshafungwa mbele na nyuma. Nilipomweleza, akanijibu, "Wewe tangu utoto ni mtu wa kupinga."

MBUZI KATOLIKI

Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi natoza. Ushauri 500, na ukiupuuza kisha ukaniletea mashine, 1,500. Mama mzazi ndiye peke yake yuko kwenye orodha ya msamaha. Simu zimepungua ajabu.

FUNDI WA LUTHULI

Endeleeni kupuuza, karo inalipwa hapa.

Lakini ngoja niongee kwa uzito, maana wengi mnasoma mkiwa na pesa mfukoni. Mashine ikiwekwa mezani kwangu naanza na kibodi. Mitumba ya Uingereza ina alama ya pauni juu ya 3. Ya Ujerumani, Z na Y zimebadilishana nafasi, kwa hivyo wauzaji hubandika stika za herufi juu ya vitufe vyote. Pitisha ukucha pembeni ya kitufe. Stika ikiinuka, umejua ilikotoka. Si dhambi, mashine inaweza kuwa nzima kabisa, ila kwa nini nifichwe? Kisha naigeuza tumbo juu. Skrubu zilizoliwa vichwa ni ushahidi kwamba kuna mtu alikuwa humo ndani na bisibisi isiyo size yake. Nafunua skrini polepole na kusikiliza bawaba. Ikilia kama mlango wa choo cha ploti, hapo kuna gamba limepasuka likagandishwa kwa gundi.

Betri msiulize muuzaji, iulizeni mashine. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, itahifadhi faili la ripoti na kukuambia liko wapi; lifungue uone uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Nimeona ya mWh 50,000 (kipimo cha chaji) ikishika 13,000, na mwenyewe aliahidiwa chaji ya saa sita.

Na jambo moja ambalo hata nyinyi wataalamu mnasahau kuwaambia jamaa zenu: izimeni, muiwashe, muingie kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani inayotangulia Windows. Kwa HP bonyeza F10, ThinkPad F1, Dell F2. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, rudisha hapo hapo. Hiyo ilitoka kwa kampuni ya watu na kufuli haikuondolewa. Ukiinunua, siku Windows ikianguka utakuja kwangu, na mimi nitakuambia bei ambayo hutaipenda.

MAMA WATATU

Wanangu, niruhusuni niwatetee mnaowasema, kwa sababu mmoja wao ni mimi.

Nilipotaka laptopu nilimuuliza mwanangu wa kwanza. Akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Dakika ya pili nilikuwa nimelala. RAM, eSiSiDi, kizazi, sijui nini. Nikaomba aniandikie. Akaniandikia nambari tupu kama za mita ya stima. Nikaenda mjini na hicho kikaratasi, naogopa hata kukitoa.

Dukani kijana akaniwekea kiti. Akaniwashia mashine, akanifungulia Excel, akaniuliza nauza nini, akanitengenezea jedwali la mauzo nikiwa hapo hapo. Halafu akaniambia, "Mama, hii ikisumbua niletee mimi, nambari yangu ndiyo hii." Hebu niambieni, kati yenu nyote mnaolalamika, ni nani ameshawahi kumwambia mzazi wake maneno hayo KABLA hajanunua? Nyinyi mnatwambia baada, tena kwa kisirani.

Na kitu kingine. Mnasema 35,000 kana kwamba iko kabatini. Mimi niliweka amana 9,000, nikalipa 150 kila siku kwa mwaka. Duka hilo ndilo lilikubali. La mwanangu lilitaka pesa zote mkononi.

MTAALAMU WA BURE

Mama, heshima zako. Kuhusu dakika saba mwambie mwanao apunguze, huyo ametuharibia jina.

Lakini huyo kijana wa kiti simwachii. Nambari yake ijaribu leo. Mimi za aina hiyo nimezipiga kwa niaba ya jamaa zangu, na ninayezungumza naye kila mara ni yule dada wa "mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa". Neno "niletee mimi" halimgharimu kitu. Mwanao hakulisema kwa sababu anajua kwake ni deni, atalilipa kwa wikendi zake.

Sasa hesabu. 150 mara siku 365 ni 54,750. Ongeza amana 9,000, jumla 63,750. Kwa 63,750 pesa taslimu, mama, ningekutafutia mashine mbili za ofisi, moja yako na moja ya mtoto. Chukua 35,000 kwa Sacco kwa mwaka, riba asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, riba yote inafika 2,275. Jumla 37,275. Tofauti ya hapo ni zaidi ya 26,000. Na baadhi ya mashine za lipa mdogomdogo hujifunga ukikosa kulipa, hata kama ndiyo siku mtoto anawasilisha kazi yake ya chuo.

MAMA WATATU

Hesabu yako ni sawa, mwanangu. Lakini Sacco inataka wadhamini, na wadhamini wangu wote nao wana mikopo. Hiyo 150 haikuniuliza mdhamini. Ilijifunga, nikalipa, ikafunguka, na hakuna aliyejua. Usiri huo nao una bei yake, na mimi niliilipa nikijua.

(Nambari ya kijana nimeijaribu. Haipatikani.)

MSEE WA 44

😂😂😂 Mama, umetupiga na umejipiga kwa ujumbe mmoja.

MWUZA MOI AVENUE

Nimewasoma kimya, sasa acheni nami niseme, kwa sababu ninyi mnazungumza kana kwamba sisi tunawashika watu kwa mabavu.

Mteja anakuja na kikaratasi cha mpwa wake. Mimi nikiona ThinkPad T480 imeandikwa najua kuna mtu anayejua kazi, na ninayo, naitoa. Mteja anaiangalia. Nyeusi, nene, kuna alama ya mkwaruzo kwa kona. Anaiinua. "Ni nzito." Anaangalia nyuma yangu kwenye rafu. "Na ile ya dhahabu?" Namwambia ile ni dhaifu kuliko hii. Haki ya Mungu, huwa nawaambia. Anasema, "Lakini inapendeza." Nifanye nini? Nimfukuze? Kodi ya duka hizi ghorofa za katikati ya mji hamuijui.

Watu hawanunui prosesa. Wananunua kitu watakachofungua mbele ya wenzao kazini. Skrini kubwa, rangi, taa za kibodi. Hiyo taa ya kibodi imeniuzia mashine nyingi kuliko i5 zote. Mtaalamu, wewe ulimpa shangazi mashine nzuri na ukamnyima kujivunia.

Na kama unajali hivyo, kwa nini hukuja naye? Jamaa wa kompyuta hutuma orodha kama anatuma mtoto sukari, halafu anashangaa kimerudi kitu kingine.

MTAALAMU WA BURE

Nimekwenda na watu, bosi, na nitakuambia kinachotokea. Kuanzia pale chini ya jengo tunafuatwa na vijana wawili, "unatafuta laptopu, bro, njoo huku bei ya jumla". Wakishatufikisha dukani, kamisheni yao imeshaingia kwenye bei. Tukiwakwepa na kupanda peke yetu, muuzaji ananiangalia mimi na jamaa yangu na kuamua kwamba mimi ndiye broka. Nimewahi kuvutwa pembeni nikaulizwa kwa sauti ya chini, "Wewe chako unataka ngapi?" Mbele ya mama yangu mdogo! Hadi leo ana shaka kwamba nilikula kitu.

Kuhusu kujivunia, sawa, nimekuelewa na sikubishii. Ila shangazi hakuniambia anataka ya kupendeza. Aliniambia anataka ya hesabu na ya chuo. Angesema ya kupendeza ningetafuta ya kupendeza, kuna EliteBook za fedha nzuri tu na taa ya kibodi juu yake. Watu wananificha sababu yao ya kweli, kisha wananilaumu kwa kujibu ile ya uongo.

WAKILI BILA OFISI

Kidogo tu kutoka upande wangu. Ile sentensi iliyochapwa chini ya risiti, "Bidhaa zikishauzwa hazirudishwi", watu huiona kama aya ya maandiko matakatifu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili anufaike nayo, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Stika ya i7 kwenye mashine isiyo i7 si "bahati mbaya ya mteja".

Lakini haki bila karatasi ni porojo. Dai risiti yenye nambari ya mashine yenyewe, ile iliyo kwenye gamba upande wa chini, pamoja na prosesa, RAM na diski vimeandikwa kwa mkono. Muuzaji akigoma kuandika alichokitamka sekunde chache zilizopita, toka. Na lipa kwa Till ya duka, si kwa nambari ya mtu binafsi, ndipo ujumbe wa M-Pesa uwe na jina la duka.

FUNDI WA LUTHULI

Ongezeni na diski za nje. "2TB kwa 2,500." Ndani unakuta kadi ndogo ya memori na kipande cha chuma cha kuongeza uzito. Imepangwa iidanganye kompyuta kwamba ni 2TB. Ukijaza, faili mpya zinafuta za zamani na majina yanabaki pale pale. Mtu analeta picha za mazishi ya baba yake, majina yote yapo na hakuna hata moja inayofunguka. Hiyo kazi siipendi.

MTAALAMU WA BURE

Mrejesho, kwa walioniuliza kwa inboksi.

Nilikwenda Donholm. Mnajua ningekwenda. Nikahamisha video zote kwenye fleshi, nikaondoa ile antivairasi ya majaribio iliyokuja nayo, nikazima programu zinazojiwasha zenyewe. Sasisho likapita. Kwa hesabu za duka mashine inatosha, jedwali moja na Chrome yenye vichupo viwili vitatu, haina shida. Shangazi ameridhika, ameiwekea na kitambaa. Kijana ndiye hatoshelezwi, na huyo nimemwambia asubiri, atumie za maabara ya chuo muhula huu.

Nimeweka sheria moja mpya nyumbani na nimeitangaza kwenye kikundi: ukinunua tofauti na tulivyokubaliana, hongera, lakini fundi wako ni aliyekuuzia. Mjomba amejibu kwa emoji ya maombi. Sijui ana maana gani.

KIJANA WA JUJA

Boss, samahani kwa kuingilia uzi. Nasoma usanifu majengo, nina 30,000, kuna mtu amenionyesha T480 i5 RAM 8GB. Nataka kutumia ArchiCAD. Nichukue?

MTAALAMU WA BURE

Kwa kuandika, kuchora sakafu rahisi na kufungua faili za wenzako, itakubeba. Kwa majengo makubwa ya 3D na kutengeneza picha za mwisho, itakutoa jasho, kwa sababu kwa kawaida T480 haina kadi ya michoro ya pekee, inategemea ile iliyo ndani ya prosesa. Unachohitaji hasa ni jamii ya HP ZBook, Dell Precision au ThinkPad za herufi P, za kizazi cha 8 kwenda juu, na kwa 30,000 iliyo nzima huipati. Atakayekuuzia kwa bei hiyo, muulize kizazi mara mbili.

Kama darasa lenu bado liko kwenye kuchora kwa mkono, weka hizo pesa uongeze. Kama kazi ya ArchiCAD inaanza muhula huu, chukua T480, na hakikisha RAM 8GB imekaa kijiti kimoja. Ina nafasi mbili, kwa hivyo mwezi ujao unaongeza kingine na kufika 16GB bila kutupa ulichonacho. Betri pia ni mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa, kagua zote kwa ile amri ya Fundi. Usitume amana ya "nikushikie" kwa mashine ambayo hujaigusa. Ukifika, chomoa chaja, mwambie aizime kabisa, aiwashe kwa betri, ukae nayo hapo hadi umalize soda.